Memori mbio, gemu kobe

Kijana mmoja mwenye kibanda cha gemu ananiuliza afanyeje. Kompyuta yake ya Ryzen 5 3600 kaipandisha kasi ya memori za DDR4 mpaka 4000. Sasa gemu linakwamakwama, skrini inageuka bluu, wateja wanadai hela zao. Fundi kamwambia anunue kadi mpya ya picha.

Mdogo wangu, shika hela yako kwanza!

Hizo Ryzen 3000 za mwaka 2019 hazitaki sifa. Hadi 3600 memori na prosesa zinakwenda sambamba. Ukivuka 3733 bila kugusa mengine, kidhibiti cha memori kinajishusha chenyewe mpaka nusu ya mwendo. Namba inapanda, gemu linapooza. Kadi ya picha hapo inasingiziwa tu.

Ingia kwenye bayosi, rudisha kila kitu kama kilivyotoka kiwandani, halafu acha watu wacheze siku nzima. Ikitulia, mchawi umemwona. Kisha panda hadi 3600, washa MemTest86 usiku kucha. Ikionyesha kosa hata moja, shuka tena. Wapo watakaokwambia kosa moja si neno. Waongo! Memori yenye makosa huandika uchafu kwenye diski, na faili likishaharibika haliponi kwa kushusha kasi. Kama Windows bado inaleta vituko, andika sfc /scannow ijikarabati, na gemu lenyewe likague upya mafaili yake.

Haya, wiki ijayo tuongelee vumbi kwenye feni.