Bundi Hatangazi Mauti



Mama mmoja ametuletea swali. Usiku wa tarehe 7 Septemba 2025, katika Mfunguo Sita 1447, mwanawe, kijana mpenda ilimu ya falaki, alikuwa akipanda paani mwa jengo lao Upper Hill, Nairobi, autazame mwezi ukipatwa. Chini ya ngazi akamkuta bundi, ambaye sisi wa mwambao humwita babewatoto, ameanguka, bawa limelegea, na majirani wameshika mawe. Wakasema ameleta habari ya bibi yake kijana, aliyelazwa hospitali ya karibu. Kijana akamkinga mpaka wahudumu wa wanyamapori wakaja kumchukua. Mama anauliza: je, ule ulikuwa mkosi? Na je, mwanawe amekosa kwa kuchelewesha swala ya kupatwa kwa mwezi?

Jawabu, bi mkubwa, ni kuwa mambo haya mawili yana dawa moja. Alipofariki Ibrahim, mwana wa Mtume (S.A.W.), jua lilipatwa, na watu wakasema limepatwa kwa msiba ule. Mtume, naye yumo katika huzuni ya mzazi, akawakanya: jua na mwezi ni ishara za Mwenyezi Mungu, havipatwi kwa kufa mtu wala kwa kuzaliwa kwake. Akakanusha vile vile itikadi ya Waarabu wa kijahiliya juu ya bundi. Basi ikiwa jua halikutangaza mauti ya mwana wa Mtume, babewatoto atatangazaje ya bibi yetu? Bundi hufuata panya, hafuati wagonjwa.

Ama swala, wakati wake ni mpaka mwezi utakate. Usiku ule mwezi ulianza kuliwa saa 1:27, ukafunikwa wote kuanzia saa 2:30 hadi 3:52, na haukutoka kivulini kabisa ila karibu na saa 5. Nafasi ilikuwako, na kumhurumia kiumbe ni ibada.

Nanyi kina mama, akiwaangukia ndege kama huyo, mfunikeni kwa kitambaa, mtieni katika boksi lenye matundu, mahali pa giza na kimya. Msimlishe wala msimnyweshe. Waiteni Shirika la Huduma kwa Wanyamapori, kisha mnawe mikono.

Mwenyezi Mungu amponye bibi yetu. Amin.