Anayesema "bado" asinyamazishwe

Wahenga walinena kwamba nyani haoni kundule. Kila mwalimu aliyewahi kutunga mtihani anaujua ukweli wa methali hii. Swali analoliona wazi kama mchana hugeuka fumbo mara tu mwenzake anapolisoma. Ndiyo maana karatasi ya mtihani hupitiwa na jicho la pili kabla ya kumfikia mtahiniwa. La ajabu ni kwamba nidhamu hii tunayoizingatia shuleni aghalabu husahaulika katika uundaji wa programu za tarakilishi.

Miaka kadhaa iliyopita nilialikwa na kampuni moja niihakiki programu yake ya kusahihisha tahajia ya Kiswahili. Niliitwa zikiwa zimesalia siku tatu tu izinduliwe. Niliandika sentensi ya kawaida: "Vitabu hivyo havijasomwa." Papo hapo neno "havijasomwa" likapigiwa mstari mwekundu. Kumbe waundaji walikuwa wameilisha programu orodha ya maneno ya kamusi, wasiifundishe jinsi kitenzi cha Kiswahili kinavyojengwa kwa viambishi. Kosa la aina hiyo halirekebishwi kwa siku tatu. Nilipomweleza msimamizi wa mradi, aliniuliza: "Daktari, umekuja kutusaidia au kutuharibia?" Programu ilizinduliwa vivyo hivyo.

Swali hilo halijanitoka akilini hadi leo. Msimamizi yule hakuwa mjinga. Alikuwa na tarehe ya uzinduzi, wafadhili na wageni waalikwa. Lakini alimwona mhakiki kama adui wa kazi, na huo ndio ugonjwa ninaotaka kuujadili.

Gharama yake si mistari myekundu pekee. Katika uchaguzi mkuu wa Machi 4, 2013, vifaa vya kielektroniki vya kuwatambua wapiga kura vilikwama katika vituo vingi, vingine kwa kuishiwa na betri. Upeperushaji wa matokeo nao ulikwama, ikabidi tume irejelee hesabu za mkono. Wananchi waliotazama televisheni waliona kura zilizokataliwa zikipita 300,000, ilhali hesabu ya mwisho ilikuwa 108,975. Tume ilieleza kwamba hitilafu katika programu ilikuwa ikizizidisha kura hizo kwa nane.

Hebu tulitafakari kosa hilo la kuzidisha. Halihitaji mtaalamu mkubwa kuligundua. Mtu huingiza kura kumi zilizokataliwa, kisha akatazama kiwambo. Akiona themanini, anapiga kelele. Suala la betri nalo hujulikana kwa kukiwasha kifaa alfajiri na kukitumia mfululizo hadi jioni, katika kituo kisicho na umeme, wala si katika ofisi yenye soketi kila ukutani. Marekebisho ya sheria ya uchaguzi ya mwaka wa 2016 yalitaka teknolojia hiyo ijaribiwe na kuthibitishwa angalau siku 60 kabla ya uchaguzi mkuu. Hilo lilikuwa jambo jema. Hata hivyo, siku 60 hazina faida iwapo anayeona kasoro hana ruhusa ya kusema "bado" akasikizwa.

Je, kiongozi wa mradi afanye nini? Kwanza, awaite wahakiki siku ya kwanza, wakati mahitaji yanapoandikwa, si siku ya mwisho. Laiti mwanaisimu angaliketi na waundaji wale mwanzoni, suala la viambishi lingalitatuliwa kabla ya kuwa kosa. Pili, anayeunda asiachiwe peke yake kutoa hukumu ya mwisho kuhusu kazi yake. Katika fasihi hatumwombi mwandishi aihakiki riwaya yake mwenyewe, kwa sababu mwamba ngoma ngozi huivutia kwake. Tatu, kila kasoro iandikwe kikamilifu: nilifanya nini, nilitarajia nini, nikaona nini. Kusema tu kwamba "haifanyi kazi" hakumsaidii mtu. Nne, masharti ya kuizindua programu yaafikiwe mapema, kabla ya presha ya tarehe kuwapofusha watu. Tano, idadi ya kasoro isigeuzwe fimbo ya kuwachapia waundaji wala kipimo cha kuwalipa wahakiki. Ukifanya hivyo, wa kwanza wataficha makosa na wa pili watayatafuta ya kupuuzwa.

Yamkini kuna atakayesema kwamba uhakiki hupoteza muda na fedha. Simkatalii kwamba una gharama, wala sidai kuwa programu yoyote inaweza kukosa dosari kabisa. Hata hivyo, usipoziba ufa utajenga ukuta. Kosa lililogunduliwa kwenye karatasi ya mpango hufutwa kwa kalamu. Likigunduliwa mbele ya taifa zima, hufuta imani ya watu, na imani haina fundi wa kuirekebisha kwa usiku mmoja.

Nawageukia walimu na wanafunzi. Wahakiki wa kesho wako madarasani mwetu leo. Mwanafunzi anayetengeneza mradi wa tarakilishi na aukabidhi kwa mwenzake aujaribu, naye mwalimu amtuze aliyegundua kosa sawa na aliyeunda. Tena, mwanafunzi anapoinua mkono kusema, "Mwalimu, hapo ubaoni umekosea," tusimkaripie. Tukimnyamazisha akiwa na miaka kumi na minne, tusistaajabu akinyamaza akiwa na thelathini, mbele ya kiwambo kinachoonyesha themanini badala ya kumi.