Maoni Yetu: Visima kwanza, mto utarudi

Ruaha Mkuu ulianza kukatika mwaka 1993. Kabla ya hapo mto huo ulipita ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Ruaha mwaka mzima. Siku hizi karibu kila kiangazi mchanga hubaki wazi kwa wiki nyingi, viboko wakibanana kwenye madimbwi ya matope. Mwaka 2001 Frederick Sumaye, akiwa Waziri Mkuu, aliahidi jijini London kwamba ifikapo 2010 mto ungetiririka tena mwaka mzima. Haikuwa hivyo.

Tumetumia muda mwingi kutafuta wa kulaumiwa. Mwaka 2006 na 2007 aliyelaumiwa alikuwa mfugaji. Familia zilihamishwa kutoka bonde la Usangu, juu ya hifadhi, pamoja na mifugo yao, na mwaka 2008 eneo kubwa la bonde hilo likaunganishwa na hifadhi. Mto uliendelea kukauka, kwa sababu maji ya kiangazi hayaishii kwa ng'ombe tu. Mengi huingia kwenye mifereji.

Mkulima wa zamani wa Mbarali, bondeni humo, alikinga maji kwa mawe, magogo na nyasi. Banio la aina hiyo huvuja, na yaliyovuja ndiyo yaliyomfikia jirani wa chini, kisha ardhi oevu ya Ihefu, kisha hifadhi. Baadaye yakajengwa mabanio ya zege yenye milango ya chuma, nasi tukayaita maboresho. Kwa msimu wa mvua ni kweli, yameboresha kilimo. Ila Septemba, mto ukiwa mwembamba, banio la zege linaweza kuugeuza wote uingie mferejini. Kibali cha maji nacho humpa mtu lita kadhaa kwa sekunde, mto ujae au upungue, hivyo aliye juu huchukua chake chote na wa chini hukuta mawe makavu. Kibali cha kiangazi kingepaswa kutaja sehemu ya maji yaliyopo siku hiyo.

Lakini kwa nini mfereji uwe wazi mwezi huo, wakati mpunga ulishavunwa? Ofisini jibu lake huwa halisikiki: mfereji ndio bomba la kijiji. Akina mama huchota humo maji ya kupikia, watoto huoga humo, vijana hufyatulia matofali, mbuzi hunyweshwa. Ili ndoo hizo zijae, maji husafirishwa mwendo mrefu kwenye mfereji wa udongo, na mengi hupotelea ardhini njiani. Ukimwamuru mtu afunge banio bila kumpa maji mengine, unamwambia akae na kiu, naye atalifungua usiku. Ana haki ya kufanya hivyo.

Kwa hiyo tunasema: visima na mabomba yafike kwanza, ndipo milango ifungwe baada ya mavuno. Mchele hautapotea, kwa kuwa mpunga mwingi wa Usangu hukuzwa kwa maji ya msimu wa mvua. Wapo watakaoumia. Wanaootesha vitalu mapema hupata bei nzuri sokoni, na watalazimika kusubiri. Hao wasikilizwe na Jumuiya za Watumia Maji, ambazo sheria ya mwaka 2009 inazitambua lakini nyingi hazina hata pikipiki ya kukagulia mabanio.

Nani alipe? Mto huu hupita bwawa la Mtera, lenye mitambo ya umeme ya megawati 80, na la Kidatu, lenye megawati 204, kisha huungana na Rufiji kabla ya kufika ukuta wa Bwawa la Julius Nyerere, lenye uwezo wa megawati 2,115. Mabwawa hayo hujazwa hasa na maji ya masika, hivyo tusimwambie mkulima kwamba mfereji wake wa Septemba ndio unaozima taa za Dar es Salaam. Hata hivyo, mto wenye afya ni mtaji wa umeme na wa utalii, na anayevuna chini hana budi kuchangia juu. Sehemu ya mapato ya umeme na ya viingilio vya hifadhi irudi Mbarali.

Wizara ya Maji na Bodi ya Maji ya Bonde la Rufiji zianze na vijiji vinavyotegemea mifereji mikubwa ya mito Mbarali na Kimani. Bajeti ijayo itaje visima hivyo kijiji kwa kijiji, pamoja na mwezi ambao kila banio litafungwa.