Sikspaki ya Mwezi wa Pili

Wanachuo wenzangu, leo naomba tuongee kuhusu tumbo.

Likizo iliyopita nilikuwa nyumbani Kakese, Manispaa ya Mpanda, kule Katavi. Kwetu ni watu wa mpunga. Asubuhi moja nikamfuata binamu yangu jarubani, nikamkuta kavua shati, anapalilia. Jamani, tumbo limechongeka! Mistari imejipanga kama matofali. Mimi hapo nilikuwa natoka kwenye muhula wa mateso: wiki sita nakula mlo mmoja kwa siku, sitapu mia mbili kila usiku hosteli, na sehemu kubwa ya bumu imeishia kwenye kopo la unga wa protini. Nilichovuna ni kizunguzungu, na maksi za testi ambazo sizitaji hapa.

Nikamuuliza, "Kaka, siri ni nini?"

Akacheka sana. "Msomi, hii siyo tizi. Hii ni mwezi wa pili."

Ilinichukua muda kumwelewa. Mwezi wa pili chakula cha mwaka jana kinaelekea kuisha, na mpunga mpya haujaiva mpaka mwezi wa tano au wa sita. Kazi ya shamba ni kubwa, sahani ni ndogo. Ile mistari niliyokuwa naitolea hela, yeye aliipata kwa kukosa. Na hakuitaka.

Ndiyo maana nasema: tumbo lenye mistari siyo cheti cha afya. Anayekula vizuri anaweza kuwa nayo, na mwenye njaa vilevile. Swali la kumuuliza mwenye sikspaki ni hili: unakula nini?

Tuelewane kwanza jinsi mwili unavyofanya kazi. Msuli wa tumbo kila mtu anao. Umefunikwa tu na mafuta. Idadi ya vipande ni ya kuzaliwa nayo: wengine vinne, wengine sita, wengine nane. Sitapu zinakuza msuli, lakini haziwezi kuchagua kuyeyusha mafuta ya tumboni peke yake. Mwili hupunguza mafuta kwa mpango wake, pale unapotumia nguvu nyingi kidogo kuliko unazokula. Kidogo, nasisitiza. Ukijinyima kupita kiasi, mwili unatafuna hata hiyo misuli unayoitafuta. Kwa dada zetu hatari ni kubwa zaidi, kwa sababu mwili wa mwanamke unahitaji mafuta mengi kuliko wa mwanaume. Yakishuka mno, hata hedhi inaweza kukata.

Kwa hiyo dawa ni mlo kamili, na mlo kamili hauuzwi kwenye kopo. Ni nafaka au mizizi, jamii ya kunde na karanga, vyakula vitokanavyo na wanyama, mboga za majani, matunda, na mafuta kiasi. Kijana wa kilo 60 anayepiga tizi la nguvu anahitaji protini kama gramu 80 hadi 100 kwa siku. Inatisha ukiitamka, lakini gramu 100 za dagaa wakavu zina protini zaidi ya gramu 50. Yai moja lina kama gramu 6. Na wali maharage, chakula tunachokidharau, una akili yake: protini inayopungua kwenye wali, maharage yanaijazia.

Najua mtaniambia, "Mwandishi, hela iko wapi?" Ni kweli. Posho ya Bodi ya Mikopo ni shilingi 10,000 kwa siku, chakula na malazi humohumo, na wapo wenzetu wasioipata kabisa. Lakini tuangalie tunavyoitumia. Chipsi kavu na soda vinakushibisha vikikuachia protini kiduchu na sukari nyingi. Hela hiyohiyo kwa mama ntilie inaweza kukupa maharage na matembele. Mwambie, "Mama, leo nipunguzie wali, niongezee maharage." Hatakukatalia. Asubuhi kula viazi vitamu na yai badala ya chapati mbili na chai ya sukari nyingi. Karanga kiganja kimoja mchana. Ndizi au papai. Jioni ugali wa wastani, dagaa, mlenda. Halafu lala, maana msuli unajengwa ukiwa umepumzika.

Na viongozi wetu wa serikali ya wanafunzi nao wana kazi. Kafeteria ya chuo mara nyingi inatupa mlima wa wali na vijiko viwili vya maharage. Waziri wetu wa afya akae na wazabuni, mboga na matunda viwepo kila siku, na maharage yauzwe kwa sahani ya ziada. Hilo litatusaidia wengi kuliko bonanza la kutunisha misuli.

Mimi kopo nimeacha. Nakula mara tatu, nakimbia asubuhi, na mistari miwili ya juu imeanza kuonekana. Ikiishia hapo, sawa tu. Darasani sasa sisinzii.

Binamu naye alinitumia picha baada ya mavuno. Sikspaki imepotea, mashavu yamejaa, nyuma yake magunia yamepangana. Chini kaandika: "Msomi, mwezi wa saba huu." Sijawahi kumwona anapendeza kama siku ile.