Si Kila Homa ni Malaria

Katika vijiji vingi vya Tanzania, mtu akishikwa na homa, neno la kwanza kutamkwa ni malaria. Mazoea hayo yana sababu, kwani malaria bado ni adui mkubwa. Lakini mazoea yakichukua nafasi ya uchunguzi, huua.

Homa ya papasi, inayofahamika sana mkoani Dodoma, ni ushahidi. Papasi hujificha katika nyufa za kuta na sakafu za udongo. Usiku hutoka, hunyonya damu, na kurudi mafichoni kabla aliyelala hajaamka. Homa hupanda siku chache, hutulia, kisha hurudi. Kutulia huko ndiko kunakodanganya: mgonjwa hushukuru vidonge vya malaria, kumbe bakteria wangali mwilini. Wajawazito huharibikiwa mimba, na watoto wachanga hufa. Kipimo cha haraka cha malaria hakiwaoni bakteria hao. Hapana budi damu itazamwe kwa darubini. Wakionekana, zipo dawa za kuwaua, kama vile penisilini na doksisaiklini, na mganga ndiye wa kuchagua ipi inamfaa mgonjwa.

Tauni nayo huenezwa na viroboto wa panya. Ilizuka wilayani Lushoto mwaka 1980, ikawa inarudi mara kwa mara kwa zaidi ya miaka 20. Panya akifa, viroboto huuacha mzoga na kutafuta damu nyingine, hata ya binadamu. Kwa sababu hiyo, kuua panya kabla ya kuua viroboto ni kuwafungulia njia ya kuwaingia watu. Homa kali yenye mitoki ya kinena au kwapa haitaki kungoja kesho. Dawa ikiwahi, mgonjwa hupona. Tauni ikifika mapafuni bila tiba, hupona kwa nadra.

Magonjwa haya mawili yana asili moja: makazi duni. Sakafu ikisakafiwa, nyufa zikazibwa, kitanda kikainuliwa kutoka sakafuni na nafaka ikahifadhiwa mbali na mahali pa kulala, papasi na panya hukosa makao. Kunyunyiza dawa baada ya watu kufa ni kuzima moto nyumba ikiwa majivu.

Mwaka 1973 kampeni ya Mtu ni Afya iliwakusanya wananchi wapatao milioni 2 katika vikundi vya kusikiliza redio, nao wakachimba vyoo kwa mikono yao. Walioongoza vikundi hivyo hawakuwa mabingwa wa tiba; walikuwa watu wa kawaida waliojua kusoma na waliokubali kujitolea.

Mwalimu anayewaeleza wanafunzi kwa nini panya waliokufa ovyo ni habari ya kupelekwa zahanati mara moja, na mtumishi wa serikali anayehakikisha darubini ya zahanati haikai kabatini kwa kukosa mtaalamu, wote wawili wanaokoa maisha. Afisa anayengoja mlipuko ndipo aombe gari na dawa hajatimiza wajibu wake. Amechelewa tu kwa kufuata utaratibu.