Mgeni wa Hiroshima na Wajibu Wake

Miji mikubwa ya Japani ina mengi ya kumvutia mgeni. Kyoto inasifika kwa mahekalu yake, Osaka kwa ngome na vyakula, na Tokyo kwa majumba marefu na maduka yasiyo na idadi. Hiroshima, mji wenye wakazi zaidi ya milioni 1, unajulikana ulimwenguni kwa gofu moja lililo kando ya mto.

Gofu hilo lilikuwa jumba la kuonyeshea bidhaa, lililojengwa mwaka 1915 kwa ramani ya msanifu Jan Letzel. Asubuhi ya tarehe 6 Agosti, 1945, saa mbili na robo, bomu la atomiki lililipuka angani umbali mfupi kutoka hapo. Kufikia mwisho wa mwaka huo watu wapatao 140,000 walikuwa wamekufa. Kuta za jumba na mifupa ya chuma ya kuba lake vilibaki vimesimama.

Wapo wanaoona kwamba ni aibu kupageuza mahali pa msiba kuwa mahali pa matembezi. Hoja hiyo ina uzito, nayo si ngeni Hiroshima kwenyewe. Baada ya vita baadhi ya wananchi walitaka gofu libomolewe, kwa kuwa kila walipolitazama jeraha lao lilitoneshwa. Wengine walishikilia kwamba likibomolewa, ushahidi utakuwa umepotea. Mwaka 1966 baraza la mji likaamua lihifadhiwe, na michango ya fedha ikakusanywa kwa kazi hiyo. Kwa hiyo gofu halikuachwa ili kuwafurahisha watalii. Liliachwa kwa uamuzi wa wafiwa wenyewe, waliotaka ulimwengu uje uone.

Ikiwa ndivyo, mgeni aendaye huko hakosi adabu kwa kwenda. Hukosa adabu kwa namna aendavyo. Wako wasafiri wanaoshuka katika treni ya mwendo wa kasi, wakapiga picha mbele ya gofu huku wakitabasamu, kisha wakakimbilia kivuko cha kwenda Miyajima kulitazama lango jekundu lisimamalo baharini. Miyajima ni pazuri, wala hatumkatazi mtu kwenda. Lakini aliyefika Hiroshima asiingie katika jumba la makumbusho, lililofunguliwa mwaka 1955, akaona nguo za watoto zilizoungua, hawezi kusema kwamba ameizuru Hiroshima.

Tena ni vema mgeni aione historia nzima. Mji huu ulikuwa kituo kikuu cha jeshi. Mwaka 1894, Japani ilipopigana na China, makao makuu ya vita yaliwekwa katika ngome ya Hiroshima. Miongoni mwa waliouawa na bomu walikuwamo pia maelfu ya Wakorea, baadhi yao wakiwa wameletwa kufanya kazi kwa kulazimishwa. Mnara wa kuwakumbuka ulijengwa mwaka 1970 nje ya Bustani ya Amani, na haukuhamishiwa ndani hadi mwaka 1999. Hata mji uliojeruhiwa ulihitaji muda mrefu kujifunza kuwalilia wafu wote kwa usawa.

Hata hivyo, lingekuwa kosa pia kuitazama Hiroshima kana kwamba ni makaburi matupu. Siku tatu tu baada ya bomu, sehemu ya njia ya tramu ilianza tena kufanya kazi. Ngome iliyoharibiwa ilijengwa upya mwaka 1958. Bustani ya Shukkeien, iliyoanzishwa mwaka 1620, imechanua tena. Jioni wenyeji hukaa mbele ya bamba la chuma lenye moto, wakisubiri okonomiyaki yenye kabichi, tambi na mayai. Mgeni anayeketi nao akala huona jambo ambalo gofu peke yake haliwezi kumfundisha, yaani kwamba watu hawa waliamua kuishi.

Jambo hili haliwezi kuahirishwa. Chama cha manusura wa mabomu, Nihon Hidankyo, kilipewa Tuzo ya Amani ya Nobel mwaka 2024. Kufikia Machi 2025 manusura waliokuwa hai walikuwa chini ya 100,000, na wastani wa umri wao ulizidi miaka 86. Kwa kulitambua hilo, tangu mwaka 2012 mji umekuwa ukiwafunza watu wengine kuyapokea masimulizi ya wazee na kuyaendeleza.

Rai yetu ni kwamba mwenye nafasi ya kufika Hiroshima atenge siku nzima. Asubuhi aingie makumbusho, mchana amtafute msimulizi amsikilize hadi mwisho, na jioni ale pamoja na wenyeji. Picha ya gofu anaweza kuipata popote, lakini sauti ya mzee aliyeyaona yale kwa macho yake haitapatikana kwa muda mrefu zaidi.