Hesabu za Chama cha Kusaidia Vyama



Shauri lililo mbele yetu ni jepesi kulitaja na zito kulitimiza. Katika mkutano mkuu ujao tutaulizwa kama yafaa chama chetu kishirikiane na vyama vidogo vya mji huu, vile vya kuzikana, vya kuweka akiba, vya akina mama na vya vijana wa mpira, tufungue ofisi moja ya kuvisaidia vyote: kuviandikia kanuni, kuvitunzia daftari, kuvitengenezea mishahara ya walinzi na makarani wao, na kuvisemea mbele ya wakubwa. Wengi wamekwisha kuitikia kabla hawajaulizwa. Sisi hatupingi, lakini kabla ya kukodi chumba na kununua kabati yatupasa kuwatazama waliotutangulia katika kazi hii, tuone fedha yao iliingiaje, ilitokaje, na ni nani aliyekuwa akiiangalia.

Waliotutangulia ni Waingereza. Katika miji mingi ya nchi yao kimo chama cha namna hii, ambacho kwa lugha yetu twaweza kukiita Baraza la Kazi za Kujitolea. Watu wa Liverpool walianzisha lao mwaka 1909. Mwaka 1919 likaundwa baraza la taifa, likisaidiwa na £1,000 za urithi wa Edward Birchall, afisa kijana aliyekufa kwa majeraha ya vita nchini Ufaransa mwaka 1916. Mabaraza ya mijini hayatibu wagonjwa wala hayagawi blanketi. Kazi yao ni kuvitengeneza vyama vingine vipate kutibu na kugawa: hufundisha watunza hazina, hutafuta watu wa kujitolea, hukodisha vyumba vya mikutano, hufanya hesabu ya mishahara kwa vyama visivyo na karani, na pengine huweka fedha ya kikundi kisicho na hesabu yake benki.

Na hapo ndipo tabu ilipo. Mwenye kutoa sadaka hupenda kumwona mtoto aliyevaa nguo aliyoinunua yeye. Nani apendaye kutoa sadaka ili karani apate wino, mafuta ya taa na kodi ya chumba? Chama cha kusaidia vyama ni kama mpishi wa harusi: wageni wote wameshiba, na hapana aliyeuliza kuni zilitoka wapi. Kwa hiyo mabaraza hayo huishi kwa fedha ya kazi maalumu. Mfadhili hutoa fedha ya kufundisha vijana, mwingine ya kutembelea wazee, na ofisi hujitahidi kupata humo kijisehemu cha kulipia taa.

Sheria ya Uingereza yasema kwamba fedha iliyotolewa kwa kazi iliyotajwa haiwezi kutumiwa kwa kazi nyingine, hata kama wadhamini wote wamekubaliana, hata kama haja ni kubwa, ila kwa idhini ya aliyeitoa au kwa njia maalumu iliyowekwa na sheria. Ndugu zetu wa pwani hawahitaji kufundishwa neno hili. Aliyeweka nyumba wakfu kwa ajili ya msikiti, kodi ya nyumba ile ni ya msikiti, na msimamizi akiila kwa shida yake hasemwi kwamba amekopa.

Na tutoe mfano wa kubuni, maana makarani huelewa zaidi kwa tarakimu. Ofisi ina Shs. 90,000 benki. Katika hizo, Shs. 60,000 ni za kufundisha vijana. Shs. 20,000 ni mishahara ya walinzi wa vyama vidogo, iliyoletwa ipate kulipwa mwisho wa mwezi. Hizi si za ofisi hata senti moja. Zabaki Shs. 10,000. Gharama ya ofisi kwa mwezi ni Shs. 12,000. Mwenyekiti akiiona karatasi ya benki atasema, "Alhamdulillahi, tu matajiri." Kwa kweli ofisi ile haina riziki ya mwezi mmoja. Wazee walisema mali bila daftari hupotea bila habari, nao walisema kweli. Lakini mali yaweza kupotea ndani ya daftari lililoandikwa kwa hati nzuri na kujumlishwa bila kosa, ikiwa fedha zote zimetiwa katika safu moja.

Mwenye kuandika haya ameliona jambo hili kwa macho yake. Zamani alikuwa msaidizi wa mtunza hazina katika chama kidogo cha kuzikana, ambacho hatutakitaja jina. Wanachama walitoa shilingi zao kila mwezi kwa ajili ya sanda, jeneza na nauli ya kupeleka habari kwao marehemu. Mwaka mmoja kodi ya chumba ilichelewa, tukachukua katika sanduku la mazishi, tukaandika "mkopo". Mwezi wa pili tukachukua tena, tukaandika "mkopo". Hapana aliyeiba. Vitabu vilikuwa safi, na mkaguzi alivisifu. Kisha akafariki mwanachama aliyelipa miaka tisa bila kukosa, na mjane wake akaja kwetu pamoja na shemeji yake. Ilitubidi tumwambie mama yule angoje, tuzunguke kwanza tukusanye. Alingoja barazani tangu asubuhi hadi alasiri, hakusema neno. Daftari lile mpaka leo laonyesha kwamba fedha ya mazishi ipo, yadaiwa chumba.

Tuwarudie Waingereza. Wana ofisi ya Serikali ya kuangalia vyama vya hisani, iliyowekwa tangu mwaka 1853. Chama kilichoandikishwa chatakiwa kupeleka taarifa yake katika miezi 10 baada ya mwaka wa hesabu kwisha, na mtu yeyote, awe mwanachama au mpita njia, aweza kuzitazama hesabu za vyama hivyo. Vyama vyenye mapato makubwa hukaguliwa na mkaguzi aliyehitimu. Vya chini yake huchunguzwa na mtu asiye wa chama, na kwa miaka mingi kipimo cha kuanza uchunguzi huo kilikuwa mapato ya £25,000. Tena chama chatakiwa kueleza katika taarifa yake kina akiba kiasi gani na kwa sababu gani. Kiasi chenyewe hakikuwekwa na sheria. Vyama vingi hujipangia gharama za miezi 3, vingine 6. Katika akiba hiyo hairuhusiwi kuhesabu fedha yenye kazi yake, wala jengo la ofisi. Hili la jengo twawaomba wenzetu walishike, maana wako wanaotaka tujenge kwanza. Jengo ni mali, lakini mwisho wa mwezi huwezi kumpa karani tofali.

Pamoja na kanuni hizo zote, mabaraza mengi yameona taabu, na taabu yenyewe ilianza siku za neema. Mwaka 2004 Serikali ya Uingereza ilifungua mfuko mkubwa wa kuvitia nguvu vyama vya kusaidia vyama, na mwaka 2006 ikaanzisha ofisi iitwayo Capacitybuilders kuugawa. Watu waliandikwa kazi na vyumba vikaongezwa. Mwaka 2011 ofisi ile ikafungwa, na miaka ile ile mabaraza ya miji nayo yakapunguza misaada yake. Mabaraza ya kujitolea yaliyokuwa yamezoea mlango mmoja yaliukuta umefungwa. Mengine yaliungana na jirani zake, mengine yakafa. Wala mambo hayakuishia hapo. Septemba 2023 Baraza la Mji wa Birmingham, mji mkubwa kuliko yote ya Uingereza ukiondoa London, lilitoa tangazo la kisheria la kusimamisha matumizi mapya yasiyolazimishwa na sheria. Mji ukifika hapo, mwenye kungoja ruzuku yake atakaa mlangoni mwa nani?

Mtu atasema, Serikali haimwachi aliyempenda. Na asome habari ya Kids Company ya London, chama cha kusaidia watoto kilichoanzishwa mwaka 1996. Hiki hakikuwa chama cha kusaidia vyama, lakini ugonjwa wake watuhusu. Kilipewa na Serikali zaidi ya £40 milioni kwa miaka kadhaa, viongozi wa nchi walikisifu, na kila fedha iliyoingia ilitoka upesi kwa kuwa watoto walikuwa wengi. Akiba haikuwekwa. Mwishoni mwa Julai 2015 kilipewa tena £3 milioni. Tarehe 5 Agosti kikafunga milango. Mwaka 2021 Mahakama Kuu ilikataa kuwazuia waliokuwa wadhamini wake wasishike uongozi wa makampuni, na haki ni kulisema hilo. Lakini mwaka 2022 ofisi ya kuangalia vyama ilisema kwamba kule kuchelewa mara kwa mara kuwalipa wadai, na hata wafanyakazi wa chama, kulikuwa uendeshaji mbaya.

Liko na jambo la pensheni, nasi watumishi wa Serikali hatuhitaji kuelezwa uzito wake. Mabaraza kadhaa ya kujitolea yaliingia katika mifuko ya pensheni pamoja na waajiri wengine, na katika baadhi ya mifuko hiyo anayetoka au kufunga hudaiwa sehemu yake ya upungufu kwa mara moja. Makumbusho ya Wedgwood, yenye vyombo vya udongo vya fahari, yalikuwa na watumishi watano tu katika mfuko wa pensheni wa kampuni ya vyombo hivyo. Kampuni ilipoanguka, deni la mfuko mzima, kama £134 milioni, likayaangukia makumbusho, na Desemba 2011 mahakama ikaamua kwamba hata vyombo vyenyewe vyaweza kuuzwa kulilipa. Viliokolewa mwaka 2014 kwa mchango wa umma. Tukiandika makarani, basi, tujue ahadi tunayoitia sahihi inaishia wapi.

Sasa tuingie katika uongozi, ambao kwa maoni yetu ndio mzizi. Wadhamini wa mabaraza hayo aghalabu hawalipwi. Hukutana jioni, wamechoka, wakapewa karatasi nyingi na mkurugenzi anayelipwa, ambaye peke yake ndiye ajuaye kila kitu. Akiwa mwema, hawamuulizi kwa heshima. Akiwa mkali, hawamuulizi kwa hofu. Na matokeo ni mamoja. Tena wadhamini wengi ni viongozi wa vile vyama vidogo vinavyosaidiwa. Hilo ni jema, maana mwenye nyumba ndiye ajuaye panapovuja. Lakini ofisi ikigawa fedha, mgawaji na mgawiwa huwa wameketi katika benchi moja. Na ofisi ikiomba kazi kwa Serikali, pengine yashindana na chama kilichoiweka madarakani. Kanuni yao ni kwamba mwenye maslahi katika shauri ayataje, atoke nje, na kutoka kwake kuandikwe. Na aliyeteuliwa na baraza la mji kuwa mdhamini humo, akiisha kuketi, wajibu wake ni kwa chama kile, wala si kwa aliyempeleka. Neno hili ni gumu kwetu, maana tumefundishwa tangu ujana kumtazama mkubwa kabla ya kufungua kinywa.

Tumesikia wengine wakisema kwamba kudai hesabu ni kumtuhumu ndugu. Twaona kinyume chake. Mtunza hazina asiyeulizwa ndiye atakayetuhumiwa siku ya msiba, na hatakuwa na shahidi.

Kwa hiyo twaomba shauri hili lisipitishwe kwa makofi. Halmashauri na ilete kwanza karatasi moja yenye safu tatu: fedha ya ofisi yenyewe, fedha yenye kazi maalumu, na fedha ya vyama vingine tuliyowekewa amana; na safu hii ya tatu ikae benki katika hesabu yake peke yake, isichukuliwe hata kwa mkopo wa siku moja. Na ieleze miezi mingapi ofisi itaishi mfadhili mkubwa akijitoa. Karani asiandikwe mpaka gharama ya miezi 3 imewekwa kando, hata kama kuiweka kutatuchukua mwaka mzima wa kutoa shilingi mbili mbili. Wadhamini wasipungue watano, na wawili kati yao wawe watu wawezao kusoma hesabu bila kusomewa. Katika chama cha makarani hatudhani kwamba watu hao ni wa kutafutwa kwa taa.

Karatasi hiyo ibandikwe mlangoni pa chumba cha mkutano siku 14 kabla ya mkutano, ili kila mtu aje akiwa amekwisha kuisoma. Mwenye swali aliandike, alete kwa katibu, nalo litachapwa katika toleo lijalo pamoja na jibu lake. Na lisipopata jibu, litachapwa peke yake.